Aliyesimamishwa Ukutani

Mkanda wa kamera ulikuwa umelowa. Akal alidhani fundi wa duka ameufuta kwa kitambaa chenye maji, lakini aliponusa vidole vyake ilikuwa harufu ya jasho, jasho bichi la mtu aliyetoka safari ya miguu. Kamera yenyewe ilikuwa imekaa kwenye rafu ya juu tangu Januari bila kuguswa. Fundi alikuwa amesema hivyo mwenyewe. Na Kakuma haikuwa imeona mvua kwa miezi. Nguo iliyofuliwa ilikauka kabla mtu hajamaliza kuianika.

Alipangusa vidole kwenye gauni akaendelea kumsikiliza Nyawech, aliyemsindikiza dukani.

Kwa miaka kumi na tisa Akal alikuwa ametandika vitanda na kudeki wodi katika hospitali moja ya Lodwar, mpaka magoti yake yakakataa kazi. Alipoacha, alianza kupiga picha kwa simu, kanisani na kwenye harusi za majirani, na watu wakampenda kwa sababu hakuwa na haraka. Nje picha zilitoka vizuri. Ndani ya kanisa, ambamo mwanga ni haba, nyuso zilitoka kama zimepakwa majivu. Akataka kamera ya kweli, ya kwanza maishani mwake. Hakuwa na wa kumuuliza ila Nyawech, mwanamke wa Sudan Kusini aliyepiga picha za harusi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambaye walijuana naye kwenye mafunzo ya akina mama wenye biashara ndogo.

Duka moja la Lodwar lilikuwa limemwonyesha kamera ndogo, mpya, bado ndani ya boksi, na muuzaji alimsifia megapikseli hadi akachoka. Nyawech alipoambiwa kwa simu alicheka. Alisema megapikseli ni maneno ya kuuzia watu. Anayeanza aangalie lenzi kwanza, kisha aone kama mkono wake unaikubali kamera, na mkono haujui hadi umeshika. Ndiyo maana Akal alipanda gari kuja Kakuma.

Fundi alikuwa na kamera tatu zilizotumika. Ya kwanza, Nyawech aliimulika lenzi yake kwa tochi ya simu akamwonyesha Akal nyuzi nyeupe za kuvu zilizoota ndani. Ya pili aliiunganisha na kompyuta ya fundi kuhesabu shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufungika kila picha inapopigwa, ikaonekana kimefunguka zaidi ya mara laki moja. Hii itakufia mkononi katikati ya harusi, alisema. Ya tatu ndiyo yenye mkanda ule. Lenzi yake ilikuwa safi, na shata haikuwa imefanya hata kazi ya mwezi mmoja.

Akal aliinua kamera akachungulia kwenye kijidirisha chake. Aliona soko, mabati, mwanamke mwenye ndoo kichwani, vyote vimetulia na kung'aa kuliko alivyowahi kuviona kwenye simu. Nyawech alimweleza kwamba pale hatazami picha. Ndani mna kioo kinachorudisha mwanga wenyewe hadi jichoni. Unachokiona pale, alisema, ndicho kilichoko mbele yako.

Kisha akamgeukia fundi. "Mbona imepiga picha kidogo hivi na mkanda umeisha hivi?"

Fundi alijibu kwamba mwenye kamera ni jamaa wa hapo hapo kambini, mtu mzuri, ila alikuwa na sharti moja. Mnunuzi asiwe mtu wa Kakuma.

Nyawech alimtazama Akal kwa muda. Akal alikuwa bado anachungulia. Hicho kilikuwa kitu cha kwanza kwa miaka mingi alichokitaka kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya watoto walioko shule ya bweni wala mtu mwingine yeyote. Akainunua.

Kutoka stendi ya Lodwar hadi nyumbani kwake si mbali, lakini siku ile alipumzika mara nne. Kamera ilimvuta shingo kama mtungi wa maji. Asubuhi yake alipita kwa muuza nyama akamwomba aiweke kwenye mizani, na mizani ikaonyesha haifiki hata kilo moja. Muuza nyama alimwambia ni uzee unaingia. Akal alicheka naye, akaenda zake ameishika kwa mikono miwili.

Nyumbani walikuwa watatu, yeye, mumewe Erupe aliyeendesha boza, lori la tangi la maji, na Atiir, mama yake Erupe, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia lakini ulimi ulikuwa bado mkali. Siku ya tatu, saa saba mchana, jua lilipokuwa limewafukuza watu wote barabarani, Akal aliingia chumbani kujinyoosha akakuta shuka limelowa. Lilikuwa limelowa kwa umbo la mtu, kichwa, mabega, mgongo. Jasho la Lodwar halikai. Hukauka likiacha chumvi kabla hujapata kitambaa cha kujifutia. Kama shuka lilikuwa bado bichi, basi aliyelilalia alikuwa ametoka hapo sasa hivi.

Alimuuliza mama mkwe kama aliingia kulala ndani. Atiir alisema yeye hajatoka kwenye ngozi yake ya ng'ombe pale kivulini tangu chai ya asubuhi, na kwamba alidhani Akal ndiye aliyekuwa ndani, maana alimsikia.

"Ulisikia nini, mama?"

"Nilisikia mtu akitua mzigo," Atiir alisema. "Ile pumzi ya kutua mzigo."

Akal alibadilisha shuka. Kesho yake, saa ile ile, lilikuwa limelowa tena, na chumba kilinuka maziwa yaliyochacha kwenye kibuyu na matope meusi, matope ambayo hayapo Lodwar.

Hata hivyo alikuwa na kazi ya kujifunza. Nyawech alikuwa amemwambia aanze na mtu mwenye subira, karibu na ukuta, jua likiwa bado chini. Siku ya tano Akal akamfuata Atiir mapema asubuhi.

"Mama, simama pale ukutani. Mwanga ni mzuri."

Bibi alinung'unika kwamba amechoka, lakini alisimama. Akal akaweka jicho kwenye kijidirisha. Alimwona Atiir na shanga zake, kila ushanga peke yake, na hatua chache nyuma yake, pale ambapo ukuta unapinda kwenda jikoni, alimwona mwanamke mwingine amesimama. Alikuwa mrefu, mwembamba, shuka la kijani limefungwa begani. Alikuwa akiyumba kidogo kidogo, mbele na nyuma, kama mtu anayesinzia wima.

Akal aliondoa jicho. Hapakuwa na mtu. Alirudisha jicho, na yule alikuwepo. Kidole chake kilibonyeza kwa hofu zaidi kuliko kwa kutaka, na alipotazama picha kwenye kioo cha nyuma, Atiir alikuwa peke yake ukutani, picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga.

Mchana ule Atiir alilala kwenye ngozi yake na hakuamka kula. Jioni walimwamsha, akafumbua macho, akasema miguu inamuuma kwa sababu ya njia. Njia gani, Erupe alimuuliza, na mama yake akasema hajui, ni ndefu tu. Kuanzia hapo bibi aliamka kunywa maji na kulala tena, na kila siku uso wake uliingia ndani kidogo.

Siku mbili baadaye Akal alimtafuta tena yule mwanamke kwa kamera. Baadaye alijilaumu sana kwa hilo. Alitaka kujua kama ni macho yake, au ni kasoro ya kioo, kitu ambacho Nyawech angeweza kukisafisha kwa brashi. Alikaa kwenye mlango wa jikoni saa saba na nusu, jua limesimama kichwani na hakuna kuku hata mmoja anayetembea, akainua kamera kuelekea ule ukuta mtupu, na mwanamke alikuwa ameusogelea mlango, karibu kiasi kwamba Akal aliona midomo iliyopasuka na vumbi jeusi hadi magotini. Akavuta pumzi, akapepesa jicho mara moja tu, na alipolifungua yule alikuwa amekuja zaidi, shuka la kijani limejaza kijidirisha chote, nyuzi zake zinaonekana, likipanda na kushuka polepole kwa pumzi ya mtu aliyechoka hadi ndani ya mifupa, na Akal alitaka kuishusha kamera lakini mikono haikuwa na nguvu ya kushuka wala ya kupanda, ikabaki hewani hivyo hivyo mpaka kijidirisha kikawa cheusi, na kile kioo kilichogusa kope zake kikafunikwa na mvuke, mvuke wa joto, kutoka upande wa pili.

Ndipo akasikia, ndani ya chumba nyuma yake, kitanda kikilia. Halafu ile pumzi.

Jioni Erupe alirudi kwa miguu. Boza lilikuwa limeacha barabara na kusimama hatua chache tu kabla ya kingo za mto. Alieleza akiwa amekaa chini, mgongo ukutani, sauti yake ndogo. Alisema hakuwa na usingizi. Alikuwa macho, anaona barabara, lakini mtu alikuwa amekaa kiti cha pembeni, akipumua, na kila akipumua mikono ya Erupe ilizidi kuwa mizito kwenye usukani, hadi akaona si vibaya kuiachilia kidogo.

"Nilisikia raha, Akal," alisema. "Hiyo ndiyo inaniogopesha. Nilisikia raha kuacha."

Majirani walisema ni jini la barabarani, limewafuata kutoka safarini. Atiir, katikati ya usingizi wake, alisema ekipe, jina ambalo watu wake huyapa mapepo ya aina hiyo. Mchungaji wa kanisa lao alikuja Jumamosi na Biblia yake, mtu mwema, akawakusanya chumbani akaanza kuomba kwa nguvu. Sauti yake ikapungua. Ikawa ya kawaida, kisha ya chini, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa bado anaomba, na kabla hajafika amina alikuwa anakoroma. Walipomwamsha aliondoka bila kunywa chai, na hakutaka kuangaliana nao.

Akal aliitia kamera kwenye boksi akaliweka juu ya kabati, akarundika nguo juu yake. Shuka liliendelea kulowa.

Ndipo Erupe akamleta mzee Namuar kutoka Lopur, binamu wa mama yake, anayesoma mambo kwa kurusha viatu. Alifika na lori la mbuzi, akawasalimu kwa ejok na kuketi kando ya Atiir, akimshika kifundo cha mguu. Kisha alivua akala zake za matairi, akazitemea mate, akazirusha juu. Kwa kawaida viatu huanguka ovyo, kimoja kifudifudi, kingine ubavu, na mzee husoma hapo. Safari hii vyote viwili vilianguka kwa soli, sambamba, vidole vimeelekea ukutani. Alivirusha mara tatu na vikatua hivyo hivyo mara tatu, kama kuna mtu aliyesimama ndani yake.

Mzee hakuvigusa tena kwa muda.

"Huyu simfukuzi," alisema. "Hajaja kupigana. Amesimamishwa, na hakuna aliyemwambia akae. Anajaribu kulala kupitia kila mtu, lakini hawezi, kwa sababu hajaambiwa."

Akal aliuliza kama yeye anaweza kumwambia. Namuar alitikisa kichwa. Alisema ni yule aliyemsimamisha, kwa mdomo wake mwenyewe, na afanye haraka, kwa maana Atiir alikuwa tayari anatembea njia ya mwenzake. Kisha akaondoka bila viatu vyake. Aliviacha pale pale, na hakuna mtu aliyetaka kuviondoa.

Akal alimpigia Nyawech akamweleza yote. Nyawech hakumkatiza. Alisema atamtafuta mwenye kamera hata kama itabidi aingie kila mtaa wa kambi, na kesho yake akapiga na kumpa jina. Malual. Alikuwa amemkuta kwao, amekaa nje, macho mekundu. Mwanzoni alikataa kabisa kuja. Nyawech alimwambia kuhusu bibi anayekufa kwa usingizi. Ndipo Malual akaomba aelekezwe.

Alifika Lodwar siku iliyofuata, kabla ya saa sita. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, lakini alitembea kama mzee, akiweka kila mguu kwa hesabu. Akal alimkaribisha kiti. Hakukaa. Alisema, kwa heshima, kwamba ni muda mrefu hajaweza kukaa mahali akapumzika.

"Pole, kaka," Akal alisema. "Tuambie tu."

Malual alieleza akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa amepewa kazi ya kupiga picha za watu wapya wanaofika, ili ndugu zao waliotangulia wawatambue na kuwachukua. Ilikuwa kamera yake ya kwanza pia. Alikuwa na bidii, alitaka picha ziwe nzuri, uso uonekane, mwanga uwe sawa. Alasiri moja waliletwa watu waliotembea siku kumi na moja. Mwanamke mmoja mwenye shuka la kijani alikuwa ndiyo kwanza amekaa chini.

"Nilimwambia, mama, simama pale ukutani, mwanga ni mzuri. Akaniambia amechoka. Nikamwambia ni dakika moja tu." Aliitazama mikono yake. "Akasimama. Nikabonyeza. Nilipotoa jicho, alikuwa ameanguka. Hakuamka."

Akal aliitambua kauli ile. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, aliyomwambia Atiir. Maneno hayo hakuwa amefundishwa na mtu.

"Niliendelea na kazi," Malual alisema. "Watu walikuwa foleni. Niliwasimamisha wote, mama. Halafu nikaenda nyumbani, nikakuta mkeka wangu umelowa."

Saa saba ilipofika waliingia chumbani. Erupe alibaki mlangoni. Pazia lilikuwa limeshushwa, na mwanga uliopenya ulikuwa wa rangi ya chai. Harufu ya maziwa yaliyochacha ilikuwa nzito kiasi cha kuonjwa. Shuka lilikuwa kavu bado. Malual alipiga magoti kwa shida kando ya kitanda, akaanza kuzungumza kwa Kidinka, polepole, akisita. Akal hakuelewa neno hata moja, lakini sauti ile aliijua. Aliisikia wodini miaka yote ile, kwa watu waliofika wamechelewa.

Malual alimaliza kusema. Kwa muda hapakuwa na kitu, ila nzi mmoja kwenye dari. Kisha kitanda kililia upande wa ukingo, na shuka likazama pale, likazama kama linavyozama chini ya mtu mzima anayekaa kwa uangalifu, mtu asiyeamini bado kwamba ameruhusiwa, na baada ya hapo likazama katikati, na kwenye mto, na ikatoka ile pumzi, ndefu, ndefu kuliko pumzi ya mtu yeyote aliye hai, ikipita juu ya mikono yao na nyuso zao na kwenda nje kupitia pazia, hadi Akal akajikuta na yeye anapumua pamoja nayo, machozi yanamtoka bila yeye kujua anamlilia nani.

Nje, Atiir aliita. Alikuwa anauliza kama katika nyumba hii watu hawanywi chai tena.

Erupe alimkimbilia mama yake. Akal alimsikia akicheka na kulia kwa pamoja, na bibi akimkemea. Harufu ilikuwa imepungua. Lakini Malual hakuinuka. Alikuwa bado amepiga magoti, amegeuza sikio kuelekea kwenye mto, kama mtu anayesubiri mgonjwa amalize kusema.

"Amelala?" Akal alinong'ona.

"Amekaa. Anashukuru."

"Basi inuka, kaka. Njoo unywe chai."

Malual hakusogea.

"Anauliza wenzake wa foleni ile wakae wapi."

Akal aligeuka akatazama mlango. Pale Erupe alipokuwa amesimama, sakafu ya saruji ilikuwa imejaa vumbi jeusi, na ndani ya vumbi alama za nyayo, kubwa na ndogo, nyingine za watoto kabisa, zote zimekomea kwenye kizingiti, kama wageni wenye adabu wanavyosimama kungoja kukaribishwa. Pazia lilipepea ingawa hapakuwa na upepo. Kule nje ya chumba alisikia miguu ikibadilishana uzito, hii na hii, taratibu, kama wafanyavyo watu waliosimama kwenye foleni ndefu.

Alitaka kukimbia. Magoti yalikuwa yanamuuma, mlango ulikuwa mmoja, na mama mkwe wake alikuwa upande wa pili akisubiri chai. Kisha akafungua kabati akatoa mikeka ya majani ya mkoma, yote minne, akaitandika sebuleni bila kuangalia kushoto wala kulia, akiinyoosha pembe kwa pembe. Akamwambia Malual aje aseme yale maneno. Malual alikuja akayasema juu ya kila mkeka, na kila mkeka ulilowa. Ilipoisha alitandika blanketi za watoto, kisha magunia, kisha lile turubai la Erupe, chini ya kivuli cha nyuma.

Jua lilipoanza kuinama alikwenda kwa jirani kuazima mikeka. Jirani alimuuliza kama kuna msiba, na wageni ni wangapi.

Akal aliegemea mwimo wa mlango. Alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka. Alisema hajui idadi yao, bado wanaingia, ampe yote aliyo nayo.